Naombeni ushauri: AC ya bei nafuu kwa chumba cha mama mzazi, Dar

Binti wa Segerea

Wakuu salaam. Wajuvi wa AC naombeni msaada wenu, maana nimezunguka Kariakoo nimerudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda.

Mama yangu ana miaka 71 na ana presha. Daktari amesisitiza asikae kwenye joto kali, kwa hiyo nataka akihamia kwangu akute chumba kiko tayari kabla ya joto la Desemba. Chumba ni mita 3 kwa 3.5. Nyumba ya bati, dari ya jipsam ipo, dirisha moja la aluminiamu la kusukuma, na ukuta mmoja unapigwa na jua la jioni. Pangaboi lipo, ila ikifika Januari linazungusha hewa ya moto tu.

Bajeti yangu ni 1,300,000 pamoja na fundi. Nipo kwenye tarifu ile ya uniti chache, kwa mwezi situmii zaidi ya 65.

Muuzaji wa kwanza anasema nichukue ya BTU 18,000 (hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza) chumba kipoe haraka. Wa pili ana ile ya matairi, anasema haihitaji fundi. Wa tatu ananiambia AC ya nini, nichukue feni ya kuweka maji na barafu, laki mbili na nusu kazi imeisha. Nimfuate nani?

---

Kijana wa Tabata

Dada, ile ya matairi achana nayo. Ina bomba moja nene la kutoa joto nje kupitia dirishani. Hewa inayotupwa nje lazima ipate mbadala, kwa hiyo hewa ya moto ya nje inaingia kupitia chini ya mlango na kila upenyo. Halafu kompresa iko humo humo chumbani na kelele zake. Mgonjwa hatalala.

---

Fundi Baridi

Dada wa Segerea, kwanza mpe bi mkubwa shikamoo zangu. Nafunga na kutengeneza AC hapa Dar, nitakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu jambo lenyewe ni la afya ya mtu.

Wote watatu usiwafuate. Chukua AC ya kawaida ya ukutani, yenye kichwa ndani na mashine nje, ya BTU 9,000. Basi. Sasa sababu.

Kwa joto letu la pwani, mafundi wengi tunaanzia BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba chako ni mita 10.5 za mraba, inakuja 6,300. Ongeza kwa ajili ya bati na huo ukuta wa jua la jioni, tuseme unafika 7,500 au 8,000 hivi. Ya 9,000 inakutosha na inabaki akiba kidogo.

Huyo wa 18,000 anataka kuuza tu. AC kazi yake ni mbili: kushusha joto na kukausha unyevu. Unyevu unatoka pale hewa inapopita kwenye koili ya baridi kwa muda wa kutosha, ndiyo yale maji unayoyaona yakidondoka kwenye bomba la nje. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo inafika nyuzi ulizoweka ndani ya dakika chache, inazima, unyevu bado upo pale pale. Baada ya muda mfupi inawaka tena. Mama atakuwa kwenye chumba cha baridi chenye unyevunyevu, shuka zinakuwa kama zimelowa, na kompresa inakufa mapema kwa kuwaka na kuzima. Na bado utalipa zaidi dukani, utalipa zaidi LUKU (umeme wa kulipia kabla), na pengine utalazimika kubadilisha waya.

Kabla hujanunua chochote, panda juu ya dari uone. Kama kati ya bati na jipsam hakuna kitu, tandika ile karatasi ya aluminiamu ya kuzuia joto au magodoro ya sufi ya vioo. Mchana bati la Dar linachoma, na joto lile linashuka kupitia dari mpaka usiku wa manane. Hela ya kuzuia joto lisiingie unaitoa mara moja. Hela ya kulitoa likishaingia unaitoa kila mwezi. Weka na pazia zito dirishani, ziba chini ya mlango.

Feni ya maji wataieleza wengine, naona hapa kuna watu wa Dodoma.

---

Mgogo wa Ipagala

Nimeitwa nimekuja. Mimi ninayo feni ya maji hapa Dodoma na ninaipenda. Lakini dada, kwako usithubutu. Ile inapoza kwa kuyafanya maji yawe mvuke, na maji yanageuka mvuke vizuri pale hewa inapokuwa kavu. Huku kwetu mwezi wa tisa na wa kumi hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, ndiyo maana inafanya kazi. Dar hewa imeshajaa maji tayari. Utamwongezea mama unyevu chumbani, jasho lake halitakauka, na kwa mtu wa presha hiyo ni hatari. Barafu wanayokuambia uweke inayeyuka kabla hujapata usingizi.

Anayeiuza Dar amefanya biashara. Anayeinunua Dar ameonewa.

---

Hesabu za LUKU

Wengi wanashauri mashine na kusahau jambo moja ambalo kwa dada huyu ndilo kubwa: tarifu.

Sasa hivi uko D1, tarifu ya watumiaji wadogo. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja. Weka VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, inakuwa 122. Kwa uniti 65 unalipa kama 7,930 kwa mwezi.

AC ya 9,000 ya inveta, ikiwashwa kwa muda wa saa 8 kila usiku miezi ya joto, tuseme kwa wastani inakula nusu kilowati. Hizo ni uniti 4 kwa usiku, 120 kwa mwezi. Jumla unafika 185. Kwenye D1 uniti zinazozidi 75 zinatozwa 350 kabla ya kodi, na ukiendelea kuzidi unahamishiwa T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, ambako kila uniti kuanzia ya kwanza ni 292, na kodi na tozo inafika kama 356.

185 mara 356 ni kama 66,000.

Kwa hiyo AC haikuongezei 43,000 ya uniti zake tu. Inakuondolea na ile bei nafuu ya uniti 65 ulizokuwa nazo: taa, friji, televisheni, vyote vinapanda. Ongezeko lako halisi ni kama 58,000 kwa mwezi wa joto. Sikuambii ili ukate tamaa, afya ya mama haina bei. Nakuambia ili uipange hela hiyo sasa, isije Februari mkaanza kuzima AC saa sita usiku kwa sababu LUKU imeisha.

---

Binti wa Segerea

Hesabu za LUKU, Mungu akubariki. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyeligusa hilo la tarifu. 58,000 naweza kuibeba kwa miezi ya joto, ndugu zangu wawili wamesema watachangia.

Fundi, nimekuelewa kuhusu 9,000, na kesho kuna mtu anakuja kuangalia dari. Swali: inveta na ya kawaida zinapishana laki na nusu mpaka mbili. Nilipe? Na hizi gesi R22, R410A, R32, kila duka wanasema yao ndiyo nzuri.

---

Fundi Baridi

Ya kawaida ina mwendo mmoja: inawaka kwa nguvu zote, ikifika baridi uliyoweka inazima, chumba kikipata joto inawaka tena. Inveta inapunguza mwendo wa kompresa na kuendelea kuzunguka polepole. Haina ule mshtuko wa kuwaka unaofifisha taa za nyumba nzima, haina kelele, na inakausha unyevu vizuri kwa sababu haisimami.

Mgonjwa anayelala nayo usiku kucha, chukua inveta. Mtu anayewasha kwa muda wa saa mbili tu jioni akiangalia taarifa ya habari halafu anazima, simshauri. Muda wake wa matumizi ni mdogo, ile laki na nusu itachelewa sana kurudi. Watu wanasema inveta kwa kila mtu, mimi sikubali.

Ubaya wa inveta ni bodi ya umeme. Bodi haipendi umeme unaopanda na kushuka, na bei ya bodi mpya inauma. Kwa hiyo kwenye bajeti yako ingiza kifaa cha kulinda umeme kinachofaa AC, si kile kidogo cha friji au televisheni. Kazi yake ni kukata umeme ukiwa mdogo mno au mkubwa mno, na umeme ukirudi kinasubiri dakika chache kabla ya kuuachia. Kuna kitu kingine watu hawakijui: mijusi. Inaingia kwenye mashine ya nje kufuata joto, inalala juu ya bodi, inaunganisha njia mbili za umeme na bodi inaungua. Mwambie fundi azibe matundu ya waya kwa mpira au povu siku ya kufunga.

Gesi sasa. R22 usinunue, hata upewe kwa nusu bei. Inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. Nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimepunguza 67.5% kufikia 2025, na 2030 ndiyo mwisho, kikibaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine za zamani. AC utakayoifunga leo itakuwa bado ukutani wakati gesi yake imekuwa ya kutafutwa kwa tochi. R410A haigusi ozoni, lakini inapasha dunia joto mara 2,088 ya hewa ya ukaa, na Ulaya wamezuia AC mpya ndogo za namna hii zenye gesi hiyo tangu 2025. R32 ni 675, inatumika kidogo kwa ujazo, na kwa sababu ni gesi moja isiyochanganywa, ikipungua inaongezwa bila shida. R410A ni mchanganyiko wa mbili, inatakiwa ijazwe ikiwa kimiminika, na mafundi wengi mtaani hawafanyi hivyo.

R32 inaweza kushika moto kwa kiasi kidogo. Ikivuja, fundi asichomelee bomba kabla gesi haijatolewa yote na chumba hakijapigwa hewa. Ukizingatia hilo, R32 ndiyo chaguo langu kwako.

---

Mwana wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Naongeza la chumvi, maana naona halijaguswa.

Mtu akikaa karibu na bahari, mashine ya nje inaliwa na upepo wa chumvi. Zile bati nyembamba za aluminiamu zilizopangwa nyuma zinakuwa unga, ukizigusa zinapukutika. Ukinunua, taka ile ambayo bati zake zimepakwa rangi ya buluu au ya dhahabu, ni kinga dhidi ya kutu. Vyuma vya kuibebea ukutani viwe vya kuchovya zinki, si vya kupaka rangi tu. Na uioshe kwa maji matamu, presha ndogo, kila baada ya miezi michache. Isifungwe upande unaotazama bahari kama upande mwingine upo.

Huku Kenya pia tuna kibandiko cha nyota cha EPRA, mdhibiti wetu wa nishati, kwenye viyoyozi. Nyota nyingi, stima kidogo. Dada, ikitua mikononi mwako AC yenye kibandiko cha nchi yoyote, kisome, usikibandue kama urembo.

---

Mkinga Mfanyabiashara

Wakuu, mnisamehe naingilia uzi wa joto nikiwa kwenye baridi. Niko Njombe. Mwezi wa sita na wa saba usiku hapa nyuzi zinashuka chini ya 10, na nina mtoto wa miezi minne. Majirani wengi wanaingiza jiko la mkaa chumbani. Mimi nimekataa. Je hizi AC zinazosemwa zinatoa na joto, ni za kweli au maneno ya dukani?

---

Fundi Baridi

Umefanya vema sana kukataa mkaa, na uwaambie majirani. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala na hawaamki. Kila msimu wa baridi tunasikia familia nzima imepotea.

Ni za kweli. Ni AC ile ile, ila ndani yake kuna valvu inayogeuza mzunguko wa gesi. Badala ya kuchukua joto la ndani na kulitupa nje, inachukua joto la nje na kuliingiza ndani. Hata hewa ya nyuzi 8 ina joto la kuchukuliwa, kwa sababu gesi kwenye koili ya nje inakuwa ya baridi zaidi kuliko hiyo hewa. Uzuri wake uko kwenye umeme: hita ya waya ikila uniti moja inakupa joto la uniti moja, hii ikila uniti moja inakupa joto la uniti tatu hivi. Kwa baridi ya Njombe, ambayo ni kali lakini si ya barafu ya Ulaya, inafanya kazi vizuri kabisa.

Angalizo kubwa: usidanganywe na rimoti. Rimoti nyingi zina alama ya jua hata kama mashine haina uwezo huo, kwa sababu kiwanda kinatengeneza rimoti moja kwa mashine zote. Soma kibati kilichobandikwa ubavuni. Kinatakiwa kiandike uwezo wa kupoza na uwezo wa kupasha joto, namba mbili tofauti. Kama kuna ya kupoza tu, hiyo haitakusaidia. Dar wengi wanaleta za kupoza tu, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema unachotaka.

Ikitoa joto asubuhi ya baridi sana, utaona inasimama dakika chache na mashine ya nje inatoa mvuke. Haijaharibika, inayeyusha barafu iliyoganda kwenye koili. Na mtoto usimwelekezee hewa moja kwa moja.

---

Mswahili wa Maskati

Niko Oman, kazi yangu ni matengenezo ya majengo. Neno moja kwa wanaotamani AC za mtumba kutoka Ghuba. Kwenye kibati utaona T1 au T3, hayo ni madaraja ya joto la nje, si ile tarifu T1 ya umeme. T1 inapimwa kwa joto la nje la nyuzi 35, T3 kwa nyuzi 46, maana huku kiangazi ni moto wa kweli. Muuzaji Dar atakutoza zaidi kwa T3 akisema ndiyo AC ya nguvu. Dar haifiki huko, T1 inatosha. Pia AC ya mtumba ya huku imefanya kazi karibu mchana na usiku kwa miezi mingi ya kila mwaka. Kompresa yake imechoka kuliko umri wake unavyoonyesha. Nyingi za zamani ni R22. Mwachie mwenyewe.

---

Binti wa Segerea

Wakuu, mmenifungua macho wote. Dari imeangaliwa, kweli hapakuwa na kitu, nimeshatandikiwa ile karatasi ya aluminiamu na chumba mchana kimeanza kukalika hata kabla ya AC.

Nimebaki na mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, R410A, kibati kinasema inapoza kilowati 2.6, inakula 0.87, bei 690,000. Ya pili inveta, R32, inapoza 2.6, inakula 0.75 na kwenye mabano 0.2 mpaka 1.1, bei 850,000. Kampuni tofauti, zote za Kichina.

---

Hesabu za LUKU

Gawa 2.6 kwa 0.87 unapata 2.99. Gawa 2.6 kwa 0.75 unapata 3.47. Namba kubwa ndiyo inayopoza zaidi kwa umeme ule ule. Zile 0.2 mpaka 1.1 zinakuthibitishia kwamba ni inveta ya kweli, inaweza kushuka mpaka wati 200. AC ya kawaida huandikwa namba moja tu.

Ya kawaida kwa usiku wa saa 8, ukikadiria kompresa inawaka zaidi kidogo ya theluthi mbili ya muda, ni kama uniti 5. Inveta 4. Tofauti ni uniti 30 kwa mwezi, kama 10,700. Kwa miezi sita ya joto ni 64,000. Ile 160,000 inarudi ndani ya miaka miwili na nusu. Mimi ningechukua ya pili, na 450,000 inayobaki inatosha fundi, waya, breka na kifaa cha kulinda umeme.

---

Fundi Baridi

Ya pili, bila shaka. Kampuni isikusumbue sana. Uliza mambo mawili tu: warranti ya kompresa ni miaka mingapi, na spea za bodi zinapatikana Dar au zinaagizwa. Risiti chukua ya EFD (ile ya mashine ya kodi), bila hiyo warranti ni maneno.

Sasa nakuomba usimame hapo hapo siku ya kufunga, kwa sababu AC nyingi ninazoitwa kutengeneza hazikuharibika, zilifungwa vibaya.

Bomba ziwe za kopa, si aluminiamu. Kwa mashine hii ni robo inchi na tatu ya nane ya inchi, ila thibitisha kwenye kitabu chake. Ziwe fupi kadiri inavyowezekana. Kopa nyingi zinazokuja na boksi ni mita 3, na gesi iliyomo inatosha mpaka urefu ulioandikwa kwenye kitabu. Ukizidi hapo inaongezwa kwa kupima kwa mizani, si kwa kukadiria kwa mkono.

Akishaunganisha bomba, muulize pampu ya vakyumu iko wapi. Kama hana, mrudishe. Wapo wanaofungua valvu kidogo ili gesi isukume hewa itoke, dakika mbili kazi imekwisha. Hewa na unyevu vinabaki ndani, vinakula mafuta ya kompresa polepole, na wewe utaambiwa mwakani kwamba AC za Kichina ni mbovu. Pampu ifanye kazi nusu saa, ifungwe, geji iangaliwe dakika kumi isipande. Ndipo gesi ifunguliwe. Kila kiungo kipakwe povu la sabuni.

Kichwa cha ndani kisipulize kitandani. Kiwekwe ukuta ambao hewa itapita juu ya miguu au pembeni. Bomba la maji lishuke muda wote, lisipinde kwenda juu popote, la sivyo maji yatarudi chumbani. Mashine ya nje ikae kivulini, isiwe upande ule wa jua la jioni, na isifungiwe kwenye kizimba cha nondo kilichobana, joto linakosa pa kutokea. Umeme wake utoke kwenye boksi kuu na breka yake yenyewe, waya wa milimita za mraba 2.5 na waya wa ardhi, usichomekwe kwenye soketi ya pasi.

Kwa bi mkubwa anza na nyuzi 26 na pangaboi likizunguka polepole. Akisema joto, shuka moja moja. Chujio la ndani lioshwe kila wiki mbili kwa maji ya kawaida, likaushwe kivulini.

---

Kijana wa Tabata

Fundi samahani, na hapa kwetu umeme ukikatika na kurudi mara tano kwa siku, mtu azime AC kwenye breka au kile kifaa kinatosha?

---

Fundi Baridi

Kifaa kinatosha kama kimefungwa sawasawa na kinasubiri dakika tatu mpaka tano. Ukiona taa zinawaka hafifu au zinang'aa kupita kawaida, hapo usisubiri, shusha breka ya AC na uwapigie TANESCO. Ukitaka kuirudisha, subiri taa zitulie kwanza kama robo saa.